Reginald Denny: Mcheza sinema aliyekipa kindege cha watoto injini na masikio

Wahenga wetu walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Methali hii twaitumia zaidi kuwaonya watoto wanaosukumana ukingoni mwa kisima, au vijana wanaotaniana mpaka wakashikana mashati. Lakini kuna maisha ya bwana mmoja yanayoipa methali hiyo maana pana zaidi. Mchezo wake ulianza kwa gundi, karatasi na vijiti vyepesi, ukawa biashara ya duka, duka likawa kiwanda cha jeshi, na kiwanda hicho kikachangia kuzaa chombo ambacho leo hakuna nchi isiyokijua: ndege isiyo na rubani.

Bwana huyo ni marehemu Reginald Denny. Wazee waliokuwa wakiingia sinema zamani huenda wakamkumbuka kwa sura kuliko kwa jina. Alikuwa yule Mwingereza nadhifu, mwenye maneno ya taratibu, ambaye kwenye filamu huwa ni rafiki wa bwana mkubwa, au msimamizi wa mali yake. Katika filamu ya Rebecca ya mwaka 1940 ndiye Frank Crawley, msimamizi wa shamba na jumba la tajiri. Katika ile ya kuizunguka dunia kwa siku themanini, iliyotoka 1956, ndiye inspekta wa polisi kule Bombay. Watu walimtazama, wakacheka naye, wakenda zao nyumbani. Ni wachache mno waliojua kwamba mtu huyo alikuwa na kazi ya pili, na kwamba kazi hiyo ya pili ndiyo itakayoishi kuliko filamu zake zote.

MTOTO WA JUKWAANI

Denny alizaliwa tarehe 20 Novemba 1891 katika mji wa Richmond, karibu na London. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Reginald Leigh Dugmore. Maji hufuata mkondo: baba yake, W. H. Denny, alikuwa mwigizaji na mwimbaji aliyejulikana katika kumbi za London, na mwana naye akapandishwa jukwaani angali mtoto mdogo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa amekwisha kuvuka bahari kwenda Marekani kuigiza.

Vita vilipopamba moto aliingia katika jeshi la anga la Uingereza la wakati huo, akawa mtazamaji na mpiga bunduki ndani ya ndege. Ndege za siku hizo zilikuwa za mbao na kitambaa, wazi juu, na mpiga bunduki alikaa huku upepo ukimchapa usoni, akijaribu kuilenga ndege nyingine inayopinda, kupanda na kuzama mbele yake. Mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo hahitaji kuelezwa na yeyote jinsi ilivyo vigumu kukipiga kitu kinachoruka. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani tutalirudia.

Vita vilipokwisha alirejea Marekani na kujiingiza katika sinema, ambazo wakati huo hazikuwa na sauti. Jeshini alikuwa amepata sifa ya ndondi, na ndondi hizo zikamfungulia mlango. Kuanzia 1922 alicheza kama bondia katika mfululizo wa filamu fupi ulioitwa The Leather Pushers, na jina lake likavuma. Baada ya hapo kampuni ya Universal ikamfanya nyota wa filamu za kuchekesha. Pesa zikaingia, na nyingine alizimalizia angani, kwani alikuwa na ndege yake mwenyewe na alipenda kuirusha juu ya California.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 sinema zikaanza kusema, na hapo bahati yake ikageuka. Katika filamu zisizo na sauti watazamaji walikuwa wamemzoea kama kijana wa Kimarekani. Alipofungua kinywa, kikatoka Kiingereza cha London. Hakufukuzwa, la, wala hakukosa riziki. Lakini kutoka hapo hakuwa tena nyota. Akawa mtu wa pembeni, yule anayemsaidia nyota kung'aa. Ndivyo alivyobaki miaka karibu arobaini iliyofuata.

MTOTO WA JIRANI

Inasimuliwa kwamba siku moja, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Denny alimwona mtoto wa jirani akihangaika na kindege chake cha kuchezea ambacho kilikataa kuruka. Yeye, kama rubani, akaona jambo hilo dogo. Akakichukua, akakirekebisha, akakirusha, kikavunjika. Kwa aibu akaazimia kuunda kingine, na katika kukiunda yeye mwenyewe akanaswa. Mtu aliyekuwa na ndege ya kweli akakuta raha yake iko katika ndege ya kushika mkononi.

Hapa kwetu pwani hatuna haja ya kulistaajabia jambo hilo. Ni nani asiyemjua mzee aliyekwenda kumtengenezea mjukuu wake tiara, kisha jioni ikamkuta bado ameshika uzi yeye, mtoto amekaa kando akingojea zamu?

Denny hakuishia kwenye raha. Katikati ya miaka ya thelathini, pamoja na washirika wake, alianzisha kampuni na kufungua duka la vindege katika barabara maarufu ya Hollywood Boulevard. Aliuza vijiti, karatasi, gundi na michoro. Lakini kitu kilichowavuta vijana zaidi kilikuwa kimoja: injini ndogo ya petroli.

INJINI YA KUTIA KIGANJANI

Kabla ya hapo, kindege cha kawaida cha kuchezea kilikwenda kwa mpira. Mtu aliupinda utepe wa mpira mara mia kadhaa, akauachia, nao ukaizungusha propela. Nguvu yake ilikuwa ya muda mfupi tu. Kijana mmoja wa Philadelphia, Bill Brown, ndiye aliyeubadilisha mchezo kwa injini yake ndogo ya petroli. Rafiki yake, Maxwell Bassett, aliifunga injini hiyo katika kindege chake na mwaka 1933 akawashinda wenye mipira katika mashindano ya kitaifa ya Marekani, hata wakubwa wa mashindano wakalazimika kuzitenga injini katika kundi lake peke yake.

Injini aliyoiuza Denny iliitwa Dennymite, na fundi aliyeibuni alikuwa Walter Righter. Ilikuwa na silinda moja, na ujazo wake haukufika sentimita 10 za ujazo. Kwa kulinganisha, pikipiki za bodaboda tunazopanda zina mia moja na zaidi. Mtu aliweza kuitia kiganjani na kufunga vidole.

Nahodha yeyote aliyetumia zile mashine za boti za aina ya zamani ataielewa mara moja. Katika petroli huchanganywa oili, kwa sababu injini ya namna hii haina bakuli la oili kama la gari. Oili hulainisha vyuma huku ikipita pamoja na petroli. Pistoni ikipanda, hubana mchanganyiko ulio juu yake na papo hapo huvuta mwingine chini yake. Plagi ikitoa cheche, mlipuko huisukuma pistoni chini; moshi hutokea tundu la upande mmoja na mchanganyiko mpya huingilia tundu la pili. Kila mzunguko mmoja, mlipuko mmoja. Hakuna valvu za kupanda na kushuka, hakuna vyuma vingi vya kuharibika.

Taabu yake ilikuwa mbili. Kwanza, cheche ilihitaji betri na koili, na hivyo vilikuwa mzigo mkubwa kwa kindege. Pili, kuiwasha kulitaka mkono wa ujasiri. Mwenye kindege aliipiga propela kwa kidole, tena na tena, akirekebisha sindano ya petroli kidogo kidogo, na injini ikiamka ghafla kwa kurudi nyuma humkata vidole asiyekuwa mwepesi.

Lakini taabu kubwa zaidi haikuwa katika kuwasha. Ilikuwa katika kurudisha. Kindege cha injini kilipopaa hakikuwa na bwana. Kilikwenda kilipotaka upepo mpaka petroli ikaisha, na hata hapo kikiukuta upepo wa kupanda huendelea. Mwaka 1934 kindege cha Bassett kilikaa hewani zaidi ya saa mbili na kikaenda kutua jimbo jingine. Injini ilikuwa imekipa kindege nguvu, lakini bado kilikuwa kiziwi.

KUKITIA MASIKIO

Hapa ndipo yale mambo ya vita vya zamani yaliporudi. Wapiga mizinga ya kutungulia ndege walikuwa wakijizoeza kwa kulenga mfuko mrefu wa kitambaa uliovutwa kwa kamba nyuma ya ndege. Mfuko ule ulikwenda polepole na moja kwa moja, haukupinda wala kuzama. Na rubani aliyeuvuta alikuwa akiomba Mungu kwamba walio chini wanalenga nyuma yake na si yeye. Mafunzo ya namna hiyo hayakufanana na vita hata kidogo.

Denny akafikiri: kindege chenye injini, kikitiwa redio ya kupokea amri kutoka chini, kitaweza kuruka kama adui, kupinda kama adui, na kikipigwa hakuna roho itakayopotea. Yeye hakuwa wa kwanza kulifikiria jambo hilo. Huko Uingereza, mwaka 1935, ilionyeshwa ndege iliyoitwa Queen Bee, iliyoendeshwa kwa redio ili ilengwe. Ila hiyo ilikuwa ndege kamili ya kubeba watu, yenye gharama yake. Wazo la Denny lilikuwa kitu kidogo na rahisi, kitokacho katika ukoo wa vindege vya duka lake.

Mwaka huohuo wa 1935 alilionyesha jeshi la Marekani chombo chake cha kwanza, RP-1. Redio za siku hizo zilikuwa za balbu za kioo, nzito na zenye kudeka. Mtikisiko wa injini peke yake ulitosha kuzivuruga. Majaribio hayakuwaridhisha maofisa, na jeshi halikununua.

Wengi wangekoma hapo. Denny alikuwa na kazi yake ya sinema na duka lake, hakuna aliyemlazimisha. Lakini kwa miaka mitano alichukua pesa alizolipwa kwa kuigiza na kuzitia katika mbao, mabomba na redio. Mchana alivaa suti mbele ya kamera, akawa rafiki mpole wa bwana mkubwa. Akitoka hapo anaingia karakanani akichafuka oili. Righter alishughulikia injini, fundi mwingine aitwaye Kenneth Case akashughulikia redio. RP-2 ilitoka mwaka 1938, ikafuata RP-3, na mwaka 1939 RP-4. Kila moja ilirekebisha kasoro za iliyotangulia. Hatimaye mwaka 1940 jeshi likaagiza 53. Kampuni ikaitwa Radioplane.

MIAKA YA VITA

Desemba 1941 Marekani iliingia katika Vita vya Pili vya Dunia, na sasa jeshi lilihitaji kufundisha wapiga mizinga kwa maelfu. Chombo kilichochukuliwa kiliitwa OQ-2 na jeshi la nchi kavu, na TDD na jeshi la majini. Herufi hizo tatu zilisimama kwa shabaha, droni na Denny mwenyewe. Hivyo jina la mcheza sinema likaandikwa katika daftari za manowari.

Ilikuwa ndege ya namna gani? Mabawa yake yalikuwa na upana wa kama mita 3.7, uzito wake kilo 47 hivi. Injini ya Righter ilikuwa sasa na silinda mbili, bado ya petroli iliyochanganywa oili, yenye nguvu za farasi 6 tu, kiasi cha mashine ndogo ya boti. Iliifikisha mwendo wa kilomita 137 kwa saa, na iliweza kukaa angani kwa muda wa saa moja. Kwa mbele ilikuwa na propela mbili zilizozunguka kila moja upande wake. Haikuwa pambo hiyo: propela moja ikizunguka kulia, mwili wa ndege hutaka kuzunguka kushoto, zikiwa mbili za kupingana, ndege hutulia.

Ilirushwa kwa chombo kama manati kubwa. Askari mmoja alisimama chini na kisanduku chenye kishikio, akiipindisha, akiipandisha na kuishusha. Mazoezi yakisha na ndege ingali nzima, mwavuli ulifunguka na ndege ikashuka taratibu ili itumike tena. Zilizopigwa ziliokotwa vipande. Kabla ya vita kwisha zilikuwa zimeundwa karibu 15,000. Huko Marekani hakuna ndege isiyo na rubani iliyokuwa imewahi kuundwa kwa wingi hivyo. Na kila moja iliyoanguka kwa risasi ilianguka bila jeneza.

BINTI WA KIWANDANI

Kiwanda cha Radioplane kilikuwa Van Nuys, katika California, na kama viwanda vyote vya vita kilijaa wanawake, kwa kuwa wanaume walikuwa vitani. Mmoja wao alikuwa binti aliyeolewa angali mdogo, Norma Jeane Dougherty, ambaye mumewe alikuwa baharini. Kazi yake ilikuwa kunyunyizia dawa vitambaa vya ndege na kukagua miavuli.

Mpiga picha wa jeshi, David Conover, alitumwa kiwandani hapo kupiga picha za wanawake wanaosaidia vita. Akampiga picha binti huyo akiwa ameshika propela. Picha zile zikamfungulia njia ya kuwa mwanamitindo, na baadaye sinema zikamchukua na kumpa jina jipya: Marilyn Monroe. Ni ajabu ya Mungu kwamba mcheza sinema aliyekimbilia karakanani ndiye aliyejenga kiwanda ambamo mfanyakazi wa karakana alichukuliwa kwenda kwenye sinema. Mmoja alishuka ngazi, mwingine akaipanda, na ngazi ilikuwa ile ile.

BAADA YA VITA

Mwaka 1952 Radioplane ilinunuliwa na kampuni kubwa ya ndege ya Northrop. Denny aliendelea kuigiza kana kwamba hakuna lililotokea. Mwaka 1948 aliigiza kama mchoraji wa nyumba katika filamu ya Mr. Blandings Builds His Dream House. Filamu yake ya mwisho ilikuwa ya Batman, ya mwaka 1966. Alifariki tarehe 16 Juni 1967, akiwa na umri wa miaka 75, alipokuwa ziarani katika mji wa Richmond, pale pale alipozaliwa.

Lakini uzao wa kindege chake haukufariki. Mwaka 1955, Denny akiwa hai, wahandisi wa Radioplane walichukua ndege ya shabaha ya kiwanda hicho wakaitia kamera, ikawa RP-71 Falconer, ndege ya kupeleleza uwanja wa vita. Kilichokuwa kiziwi kikapewa masikio. Kilichokuwa na masikio kikapewa macho. Baada ya miongo michache, kazi ya wengine ikakipa makombora. Ndugu zetu wa Somalia, jirani zetu wa bahari moja, wamezijua ndege za namna hiyo tangu mwaka 2011 kwa vilio vya nyumbani kwao. Yule aliyetaka shabaha iruke pasipo mtu wa kufa ndani yake hakuweza kuchagua ni nani atakayekuja kuwa shabaha.

Haki itendeke, upande wa pili nao usemwe. Tangu Oktoba 2016, kule Rwanda, ndege zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu katika hospitali za milimani, zikiiangusha kwa miavuli midogo kwa wagonjwa ambao barabara ingewachelewesha. Hizo huenda kwa betri, hazina petroli wala oili. Lakini wazo ni lile lile la karakana ya Denny, kwamba chombo kiende hewani na mwenye kukiongoza abaki chini. Na wacheza vindege nao hawajaiacha injini ya petroli. Wenye vindege vikubwa bado huipenda, na nyingi za kisasa zilianzia katika injini za misumeno ya kukatia miti. Siku za mapumziko huonekana viwanjani, wazee na watoto, wakipiga propela na kunusa moshi.

Je, mzaha ule wa Reginald Denny ulitumbuka usaha, au ulitumbuka dawa? Msomaji atajijibu mwenyewe. Injini ya kiganjani haikuwa na nia yoyote. Ilichoma petroli iliyopewa na kwenda ilikotumwa. Nia ilikuwa, na ingali, kwa aliyeshika kisanduku. Na wa kwanza kukishika, kabla ya majeshi na viwanda, alikuwa mtu mzima mmoja aliyevunja kindege cha mtoto wa jirani akaona haya.